Kibuyu Kilichoshonwa: Habari za Mchoro Uliopata Alama Tisa

Ndugu Wahitimu, nanyi wadogo zetu mnaosoma sasa,

Kamati ya jarida iliponiomba makala ya historia, bila shaka ilitazamia niandike habari za kuanzishwa kwa shule yetu, au majina ya viranja wakuu, au ile mechi ya kandanda ambayo kila tukikutana huongezeka bao moja. Hayo nawaachia wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nimefundisha historia miaka 33, na nafasi hii nataka kuitumia kwa habari za ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa huo una mchoro wa kibuyu. Wale wa darasa letu, tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1972, huenda mtaukumbuka, maana tuliucheka.

Mwaka 1973 mwalimu wetu mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye kwa mambo mengine nina deni kwake, alitupa kazi ya likizo ya Desemba. Kila mwanafunzi achague chombo kimoja kinachotumika nyumbani kwao, akichore kwa kalamu ya risasi, akipime, na aandike matumizi yake. Michoro bora ingebandikwa ukutani siku ya wazazi. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, na tulihimizwa kila siku tusiwe wasomi wa kudharau jembe la baba na chungu cha mama. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Sisi ndio tuliokuwa wabaya.

Naungama leo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, kwamba kazi ile sikuifanya nyumbani. Likizo nzima nilichunga kwa zamu na kucheza bao, na kazi niliikumbuka nimekwisha panda basi la kurudi shuleni. Usiku wa kwanza bwenini nikachora chungu kutoka kichwani. Kilikuwa chungu kizuri mno! Mdomo mviringo, tumbo la duara lililonyooka kila upande, na kivuli nilichokipaka kwa kidole mpaka kikameremeta. Vipimo nilivitunga. Nikapewa alama 17 kati ya 20, na chungu changu kikaning'inia ukutani muhula mzima.

Kitanda cha jirani yangu alikuwa mwenzetu mmoja kutoka Ntuzu, upande wa Bariadi. Familia yake imeniruhusu kueleza habari hizi bila kutaja jina, nami nitamwita mwenzetu tu. Kwa wadogo zetu niseme kwamba wakati huo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Mwenzetu huyu alikuwa kijana mkimya, mwembamba, mwenye tabia ya kuchonga kalamu yake kwa wembe mpaka ncha ikawa kama sindano. Yeye alichora kibuyu cha mama yake, na kibuyu hicho kilikuwa kimepasuka mara mbili na kushonwa mara mbili.

Akakichora hivyo hivyo. Ukurasa wa kulia kilionekana mbele, wa kushoto kilionekana nyuma, na pembeni alichora kipande cha mshono peke yake kwa ukubwa zaidi, ili mtu aone uzi unavyoingia na kutoka. Ufa wa kwanza ulianza mdomoni, ukashuka shingoni mpaka begani, nao ulikuwa na mishono 14. Ufa wa pili ulipita tumboni, mishono 9. Kitako kilikuwa kimekwaruzika na mwili umeegemea upande mmoja kama mzee mwenye kiuno kibovu. Urefu sentimita 41. Mzingo aliupima kwa uzi, kisha akaulaza uzi kwenye rula. Chini akaandika: "Matumizi: kuwekea mbegu za mtama."

Mwalimu aliyapigia mstari mwekundu maneno hayo, akaandika pembeni: "Umbo hili ni la kibuyu cha maziwa." Na juu ya ukurasa: "Ungechora kizima." Alama 9. Daftari lilipokuwa likipita mikononi mwetu, mmoja wetu alisema mwenzetu amechora kibuyu kilichofanyiwa upasuaji hospitali ya wilaya, nasi tukacheka mpaka kengele ya kulala. Yeye alilichukua daftari lake, akaliweka chini ya godoro, akalala. Hakusema neno.

Sasa niruhusuni nieleze chombo chenyewe, maana wadogo zetu wengi wamekulia kwenye ndoo na madumu ya plastiki. Jina lake linapotosha kidogo. Mbuyu ni ule mti mnene, na buyu ni tunda lake; lakini kibuyu cha maziwa hakikuangushwa kutoka mbuyuni. Hutokana na mmumunye, mmea utambaao, ndugu yake boga. Hupandwa mvua za kwanza, aghalabu mahali palipokuwa zizi zamani kwa sababu ya mbolea, na huachwa upande juu ya ua au paa. Umbo la tunda hutegemea mbegu na hutegemea pia lilivyokaa: lililoning'inia hurefuka shingo, lililolala chini hupata kitako. Haliguswi mpaka kikonyo kikauke. Likikatwa mdomo hujazwa maji na kuachwa siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze, kisha hutiwa changarawe na kutikiswa, mpaka ndani pakwanguke pawe safi. Ni kazi ya miezi, na tunda likiwa na tundu la mdudu kazi yote imepotea.

Baada ya hapo ndipo hufanywa chombo. Maziwa hutiwa, huachwa yagande, kisha husukwa. Lugha yetu ina neno moja kwa kusuka nywele, kusuka mkeka na kusuka maziwa, na kila mama aliyelelewa katika nyumba ya ng'ombe aliyajua yote matatu. Kibuyu huwekwa mapajani au hutundikwa kwa kamba, kikaenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma. Mwanzoni sauti ni nyepesi kama maji. Siagi inapoanza kushikamana, sauti hubadilika ikawa nzito, na msukaji mzoefu hujua kwa sikio kwamba wakati umefika, hana haja ya kufungua na kuchungulia. Siagi huyeyushwa ikawa samli. Mtindi unaobaki huliwa na ugali, na wavulana tuliochunga tunajua ladha yake.

Kibuyu kikipasuka hakitupwi. Mtu alichukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, au chuma chochote chembamba, akakitia motoni, akatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, yakitazamana. Tundu likiwa karibu mno na ufa, linakatika. Likiwa mbali mno, mshono haukazi. Kisha akashona, na kama chombo kilikuwa cha maziwa akaziba kwa nta ya nyuki. Cha nafaka hakikuhitaji nta, kwani mtama hauvuji. Naomba msomaji alishike neno hili la nta, tutalirudia.

Kwa umri, kibuyu ni mzee kuliko chombo chochote tulichokirithi, isipokuwa jiwe. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata mimumunye iliyolimwa Marekani tangu zama za kale ilitokana na ya Afrika, ambayo matunda yake yalielea yakavuka Bahari ya Atlantiki. Huku kwetu, mwaka 1938, Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, mahali ambapo wafugaji wa kale walichoma maiti zao na kuzizika pamoja na vyombo. Walikuta mabakuli ya mawe, shanga nyingi, chombo cha mti kilichonakshiwa, na vipande vya vibuyu. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 3,000. Mtajiuliza, kibuyu kimedumuje miaka elfu tatu? Kilidumu kwa sababu kilichomwa pamoja na mwenyewe kikawa mkaa. Vibuyu ambavyo havikuungua, ambavyo ndivyo vilivyowalisha watu, vililiwa na mchwa vyote.

Mary Leakey huyo ndiye aliyenirudisha kwenye daftari la mwenzetu, ingawa ilinichukua miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikifundisha habari za Olduvai, ambako tarehe 17 Julai 1959 aliona lile fuvu la Zinjanthropus. Olduvai si mbali na Simiyu; ukivuka pori la Maswa na Serengeti umefika. Katika kusoma nikakuta jambo ambalo vitabu vya shule vililiruka. Mama huyu hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipoingia katika kazi hiyo. Aliingia kwa mlango wa kalamu ya risasi. Alizaliwa London mwaka 1913, na alipokuwa bado msichana alichora zana za mawe za Misri kwa ajili ya kitabu cha Gertrude Caton-Thompson kilichotoka mwaka 1934. Louis Leakey akaiona michoro yake, akamwomba amchoree na yeye. Mwaka 1951 alikaa Kolo, Kondoa, akinakili michoro ya miambani juu ya karatasi angavu, mstari kwa mstari, na kitabu chake cha michoro hiyo kilichapishwa mwaka 1983.

Basi nikatazama zana za mawe zinavyochorwa na watu wa kazi ile. Kwa wageni ni vijiwe vya kutupia mbuzi. Lakini mchoraji huchora kila kovu, na mistari ya ndani ya kovu huifuatisha mawimbi ya jiwe, hata msomaji akajua pigo lilitoka upande gani na lipi lilitangulia. Jiwe huchorwa mbele, nyuma na ubavuni. Lililovunjika huchorwa limevunjika. Kulinyoosha ni kusema uongo, kwa kuwa mvunjiko ndio habari yenyewe. Picha ya kamera haifanyi kazi hiyo vizuri, kwa sababu kamera huchukua mwanga na vivuli vyote sawasawa, bali mchoraji hana budi kuamua juu ya kila mstari: huu ni ufa, au ni unywele umelala juu ya jiwe?

Siku moja, nikiwa ubaoni nikiwaeleza wanafunzi jambo hili, nikanyamaza katikati ya sentensi. Mbele, nyuma, ubavuni. Kipande cha mshono kwa ukubwa zaidi. Nilikwisha kuona mchoro wa namna hiyo, mwaka 1974, nikacheka.

Nikaanza kutafuta ni nani aliyepata kuvichora vyombo vya akina mama wa kwetu namna ile. Wageni walipita, hilo ni kweli. Mwaka 1892 Oscar Baumann, raia wa Austria, alitoka Ngorongoro akavuka Serengeti mpaka Ziwa Viktoria, na kitabu chake cha mwaka 1894 kimejaa picha. Lakini picha nyingi zilifanyizwa na wachoraji wengine wawili, Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer, kutokana na picha na michoro ya msafiri. Makerere, Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa pale mwaka 1937 na kumfundisha Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro, alitoa mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa cha kazi za mikono, chenye michoro ya vyungu, vikapu na vyombo vingine vya nyumbani. Kazi nzuri sana, lakini ni ya Uganda. Mwaka huo huo wa 1953 Hans Cory alitoa kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma: mahari, urithi, ng'ombe. Na pale Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alijenga makumbusho ambayo kila mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa angefaa ayaone. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma. Nimekwenda mara nyingi. Watemi wamehifadhiwa vizuri. Himaya zao zilikoma kisheria mwaka 1963 na viti vyao bado vinang'aa.

Kibuyu cha mjane wa Ntuzu hakuna aliyekiweka mahali. Nimesema mjane; nimetangulia mbele ya habari. Turudi nyuma.

Novemba 1973, mwezi mmoja kabla ya likizo yetu ile, ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni ilipofika Mkoa wa Shinyanga mwaka 1974, familia nyingi za Wasukuma, ambazo kwa desturi kila moja hukaa peke yake katikati ya mashamba yake, zilihama. Wengi wenu mliyaona, na kila mmoja ana lake la kusema. Mimi nitasema la vyombo tu. Nyumba ya udongo hujengwa tena, na ng'ombe hutembea kwa miguu yao. Lakini vyungu, vihenge na vibuyu havijaumbwa kwa safari. Mama wa mwenzetu alibeba kibuyu kile kichwani ndani ya kikapu, akakifikisha salama mpaka kiwanja kipya, na hapo, wakati wa kushusha mizigo, kikaangukiwa na mchi. Hakuna wa kulaumiwa. Mara ya tatu haikushoneka, ikawa ni vigae.

Mwenzetu aliniambia habari hiyo kwa sentensi mbili tulipokuwa Kidato cha Tatu, tukifua nguo. Nikamwambia pole. Sikumwuliza lolote. Baada ya shule alisomea upima ardhi, akafanya kazi hiyo maisha yake yote. Na waliofanya kazi naye wanasema ramani zake hazikurudishwa. Tulionana mara chache, katika misiba hasa, kama ilivyo kwa wanaume wa rika letu. Mwaka 2015 akafariki dunia.

Mwaka uliofuata binti yake alinipigia simu. Katika sanduku la marehemu, chini ya vyeti, wamekuta daftari la shule. Ndani yake mna jina langu pembeni ya ukurasa mmoja: nadhani nililiandika mimi mwenyewe kwa utundu. Je, ningependa kuliona? Nikapanda basi, Maswa mpaka Bariadi, barabara yote nikiwaza chungu changu.

Nyumbani kwao nilimkuta shangazi yake marehemu, dada wa baba yake, bibi mkongwe sana, macho yake bado makali kwa vitu vya karibu. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu." Akaitikia, akauliza habari za nyumba, za watoto, za mvua, za pamba, kwa utaratibu unaotakiwa, mpaka tulipomaliza. Ndipo binti akalifungua daftari, akaliweka juu ya kanga mapajani mwa bibi.

Bibi hakutazama umbo. Hilo ndilo lililonishangaza. Sisi sote tungesema, "Ala, kibuyu!" Yeye aliweka kidole chake moja kwa moja juu ya ufa wa shingoni, akakipeleka chini, mshono kwa mshono, midomo yake ikitikisika. Kumi na nne. Akasema, "Huu ni mkono wangu."

Akatueleza. Kibuyu kile alikipasua mke wa kaka yake, mwaka wa kwanza wa ndoa, akaogopa kusema. Akamletea yeye wifi yake kwa siri, akiwa amekifunika kwa nguo. "Nilikishona kwa mshipa wa ng'ombe. Nikakitia nta. Maziwa hayakuvuja hata tone." Mwenzetu alikuwa ameitia giza mistari ya mahali pale kwa ncha ya kalamu, kando kando ya kila tundu, miaka yote nilidhani ni uchafu. Ilikuwa nta.

Kisha kidole kikahamia tumboni, kwenye ile mishono 9. Hapo alikaa muda mrefu. Mishono ile ni mipana, imepanda na kushuka, na uzi wake umechorwa mnene, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Binti akauliza, "Na huu, bibi?"

"Huu si wangu. Huu ni uzi wa gunia. Amekishona mwenyewe." Akanyamaza. "Hakuniletea."

Hapakuwa na nta mahali pale. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Mnisamehe ndugu zangu, nitayaeleza yaliyobaki kwa ufupi kwa kuwa si yangu. Baba wa mwenzetu alikufa mwaka 1965, mtoto akiwa na miaka minane. Ng'ombe wakachukuliwa na ndugu wa marehemu wakatunzwe mpaka watoto wakue, na kama ijulikanavyo, si kila ng'ombe aliyekwenda kutunzwa hurudi. "Tuliwachukua sisi," alisema bibi, wala hakujitetea. Nyumba ikabaki bila maziwa. Wifi wawili waliokuwa wakificheana siri wakaacha kusalimiana. Kibuyu kilipopasuka mara ya pili, mjane alichukua uzi alioupata, akashona awezavyo, akatia humo mbegu za mtama za msimu ujao, kwa sababu maziwa hayakuwapo tena.

Matumizi: kuwekea mbegu za mtama. Mwalimu aliona umbo, na kwa umbo alikuwa sahihi kabisa. Sheria za urithi zilikwisha kuandikwa kitabuni tangu 1953. Lakini kile ambacho urithi ule ulimwachia mwanamke mmoja wa Ntuzu kiliandikwa na kijana wa miaka 16 kwa kalamu ya risasi, kwa kukataa kunyoosha mstari. Nililala kitanda cha pili yake miaka minne, na sikujua kwamba hana baba. Alikuwa ametuambia darasa zima. Alituambia kwa mishono 23.

Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka kwamba miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa nikiwapa kazi ya kuchora. Nilikataza raba. Walinung'unika sana, na wazazi wawili walikuja ofisini kuuliza kama hilo ni somo la historia. Michoro mingine ilikuwa mibaya kupita kiasi, sufuria inayofanana na kofia, lakini mpini wa sufuria hiyo ulikuwa umefungwa waya, na waya ulikuwa na habari yake.

Tukanywa chai. Bibi alikuwa bado ameshika daftari. Akaomba asomewe maneno mekundu ya juu, binti akasoma na kutafsiri. Bibi akafikiri.

"Alimpa ngapi mwanetu?"

Binti akamwambia: tisa, katika ishirini.

Akanigeukia. "Na wewe, baba, ulipewa ngapi?"

Nikasema kumi na saba.

"Ulichora nini?"

"Chungu, mayu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayengoja mengine. Kisha akauliza, "Cha nani?"

Daftari liko Bariadi, kwa binti wa marehemu, limefungwa katika nailoni. Nimeruhusiwa kuleta nakala ya kurasa zile mbili siku ya mkutano wetu. Nitaiweka juu ya meza ya kitabu cha wageni, na pembeni yake nitaweka rula, kwa atakayependa kuhesabu.